Chama cha miezi kumi kilivyombwaga Kaunda

MNAMO Novemba 2, 1991, jijini Lusaka, Bw Frederick Chiluba, aliyekuwa mwenyekiti wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, aliapishwa kuwa rais wa pili wa Zambia. Chama kilichomfikisha Ikulu, MMD, kilikuwa kimesajiliwa mwezi Januari mwaka uo huo. Kilikuwa na umri wa miezi kumi.

Katika uchaguzi uliofanyika siku mbili kabla ya kiapo hicho, MMD ilitwaa viti 125 kati ya 150 vya Bunge. UNIP, chama kilicholeta uhuru na ambacho kilikuwa kimetawala peke yake kisheria tangu 1973, kiliambulia viti 25. Katika kinyang'anyiro cha urais Bw Chiluba alipata kura 972,605, takriban asilimia 76, naye Dkt Kenneth Kaunda akapata 311,022.

Miaka mitatu tu awali, mnamo 1988, Dkt Kaunda alikuwa ametangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 95 ya kura. Wakati huo hakuwa na mpinzani. Mpigakura alitakiwa kusema ndiyo au la.

Anguko hilo haliwezi kuelezwa kwa hotuba za majukwaani pekee. Anayetaka kulielewa sharti aanzie migodini, apitie kwenye foleni za unga, ndipo afike kwenye kituo cha kupigia kura.

Shaba yaporomoka

Zambia ilipojinyakulia uhuru Oktoba 24, 1964, ilihesabiwa miongoni mwa mataifa yenye neema kusini mwa Jangwa la Sahara. Neema hiyo ilichimbwa mahali pamoja: ukanda wa Copperbelt, wenye miji ya Kitwe, Ndola, Mufulira na Chingola. Shaba iliingiza zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni.

Kwa mapato hayo serikali ilijenga shule, hospitali, barabara na chuo kikuu katika nchi ambayo mkoloni aliiacha na wahitimu wa chuo kikuu wapatao mia moja tu. Mwaka wa 1969 serikali ilitangaza kuchukua asilimia 51 ya hisa za kampuni za migodi. Mashirika ya umma yakachipuka kila upande, kuanzia viwanda vya nguo hadi mabasi na ndege.

Kisha misukosuko ikaandamana. Mnamo 1973 mpaka na Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ulifungwa, na Zambia ikapoteza njia yake ya kawaida ya kufikia bahari. Ndiyo sababu reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa ya kufa na kupona kwa taifa hilo. Mwaka huo huo bei ya mafuta ikapaa duniani, na kufikia 1975 bei ya shaba ilikuwa imeporomoka.

Haitakuwa haki kusahau kwamba sehemu ya gharama hizo Zambia ilijitwika kwa hiari. Wapigania uhuru wa Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipewa makao Lusaka, na nchi hiyo ikashambuliwa kwa mabomu kwa sababu yao.

Dkt Kaunda aliamini, kama walivyoamini wakopeshaji wake, kwamba bei ya shaba ingepanda tena. Akakopa ili kuziba pengo. Bei haikurejea ilivyokuwa, nayo migodi, iliyokamuliwa bila vifaa vipya kununuliwa, ikazidi kudhoofika. Uzalishaji uliozidi tani 700,000 mwishoni mwa miaka ya sitini ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 400,000 kufikia 1991. Wakati huo taifa la watu takriban milioni 8 lilikuwa likidaiwa dola zipatazo bilioni 7 za Marekani.

Gunia la unga

Mzambia wa kawaida hakuihesabu hali hiyo kwa dola. Aliihesabu kwa unga wa mahindi, ambao hupikwa nshima, chakula ambacho Wapwani wa Kenya wangekitambua mara moja kwa jina lao la sima.

Kwa miaka mingi serikali ilinunua mahindi kwa wakulima kwa bei moja nchi nzima, kisha ikahakikisha unga unauzwa mijini kwa bei ya chini kuliko gharama yake. Tofauti ililipwa na hazina ya umma. Zambia ni kati ya nchi za Afrika ambazo watu wake wengi walihamia mijini mapema, kwa sababu ya migodi, na watu hao hawakuwa na shamba la kuwalisha. Ruzuku ya unga ilikuwa mkataba usioandikwa kati yao na UNIP: chama kiwalishe, nao wakiache kitawale.

Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia zilitaka ruzuku hiyo iondolewe ndipo zitoe mikopo zaidi. Desemba 1986 serikali ilijaribu. Bei ya unga laini ilipanda zaidi ya maradufu, na miji ya Copperbelt ikalipuka. Maduka yaliporwa na watu 15 wakauawa. Dkt Kaunda akarejesha bei ya zamani.

Siku ya Leba, Mei 1, 1987, alitangaza kuachana na masharti ya IMF na kuweka kikomo cha asilimia 10 ya mapato halisi ya mauzo ya nje kwa ulipaji wa madeni. Ulikuwa uamuzi wa kishujaa machoni pa wengi barani Afrika. Hata hivyo, wafadhili walifunga mifereji yao, maduka yakabaki na rafu tupu, na kufikia 1989 serikali ilikuwa imerudi kwenye meza ya mazungumzo kwa masharti yale yale.

Juni 1990 bei ya unga ikapandishwa tena zaidi ya maradufu. Safari hii moto uliwaka Lusaka kwenyewe. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Zambia walijiunga na wakazi wa mitaa ya mabanda, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha kabla ya wanajeshi kutuliza jiji.

Ghasia zilikuwa hazijapoa vizuri wakati Luteni Mwamba Luchembe alipoingia katika kituo cha redio ya taifa alfajiri ya Juni 30 na kutangaza kuwa jeshi limetwaa mamlaka. Jaribio hilo lilizimwa kwa saa chache. Lakini katika saa hizo raia walimiminika barabarani wakishangilia, na shangwe hiyo ilifichua kile ambacho matokeo ya asilimia 95 yalikuwa yamekificha.

Wasomaji wa Kenya watakumbuka majira hayo. Ni wiki moja tu baada ya tangazo la Luchembe ambapo wakazi wa Nairobi walikabiliana na polisi katika maandamano ya Saba Saba.

Kutoka hotelini hadi debeni

Julai 20 na 21, 1990, watu wa tabaka mbalimbali walikusanyika katika hoteli ya Garden House, Lusaka, kudai vyama vingi virejeshwe. Miongoni mwa walioandaa mkutano huo alikuwa Bw Akashambatwa Mbikusita-Lewanika. Kamati ya muda iliundwa chini ya Bw Arthur Wina, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Dkt Kaunda.

Ilikuwa kamati ya watu ambao katika hali ya kawaida wasingeketi meza moja. Walikuwamo wafanyabiashara waliochoshwa na leseni na udhibiti wa fedha za kigeni, wasomi, mawakili kama Bw Levy Mwanawasa, na mawaziri wa zamani waliotofautiana na mkubwa wao. Makanisa, ambayo hayakuwa sehemu ya kamati, yaliupa mjadala huo heshima.

Nguvu ya miguu, hata hivyo, ilitoka kwa wafanyakazi. Muungano wao, ZCTU, ulikuwa asasi pekee, mbali na UNIP na makanisa, iliyokuwa na matawi kote nchini. Mwenyekiti wake tangu 1974, Bw Chiluba, alikuwa mtu mfupi wa kimo na mwenye ulimi mkali. Alikuwa amewahi kuwekwa kizuizini mwaka wa 1981 pamoja na katibu wake, Bw Newstead Zimba, hadi mahakama ilipoamua kuwa walizuiliwa kinyume cha sheria. UNIP ilikuwa imejaribu mara kadhaa kuuvuta muungano huo kwapani mwake, isifaulu.

Kwanza Dkt Kaunda aliahidi kura ya maoni kuhusu vyama vingi. Kisha akaiahirisha. Mikutano ya wapinzani ilipozidi kufurika, aliifuta kabisa kura hiyo na kukubali katiba irekebishwe. Desemba 1990 alitia saini sheria iliyohalalisha vyama vingine. Mwezi uliofuata vuguvugu likasajiliwa kuwa chama, na katika kongamano lake la kwanza mapema 1991 wajumbe wakamchagua Bw Chiluba dhidi ya Bw Wina na wengine. Walioshindwa walibaki chamani. Jambo hilo laonekana dogo, ila ndilo lililoamua mengi.

Safari haikuwa tambarare. Vyombo vya habari vya serikali viliendelea kuegemea UNIP, na hali ya hatari iliyorithiwa tangu wakati wa uhuru haikuondolewa hata siku ya kura. Mabishano kuhusu katiba mpya yalipotishia kuvuruga uchaguzi, viongozi wa makanisa waliwakutanisha Dkt Kaunda na Bw Chiluba katika kanisa kuu la Kianglikana jijini Lusaka, Julai 1991, na maafikiano yakapatikana.

Wito wa MMD kwenye kampeni ulikuwa mfupi: saa imewadia. Kinachosahauliwa mara nyingi ni kwamba chama hicho hakikuahidi unga wa bei nafuu. Manifesto yake ilizungumzia soko huria, kuuzwa kwa mashirika ya umma na kurejesha uhusiano na wakopeshaji. Aliyeahidi kulinda bei ya unga ni Dkt Kaunda, aliyekataa kuipandisha kabla ya uchaguzi. Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo Septemba 1991, nchi ikiwa imeshindwa kulipa malimbikizo yake.

Kwa maneno mengine, wananchi walioandamana dhidi ya unga ghali walimkataa aliyezuia bei na kumpigia kura aliyesema ruzuku haiwezi kudumu. Walichokikataa kilikuwa kipana kuliko bei. Walikuwa wamekula ahadi kwa miaka 15 na foleni hazikupungua.

Siku ya Oktoba 31

Upigaji kura ulikuwa wa amani. Waangalizi walitoka ng'ambo, akiwemo rais wa zamani wa Marekani Jimmy Carter, na makundi ya humu nchini Zambia nayo yalituma watu wao vituoni.

UNIP ilizoa viti vyote 19 vya Mkoa wa Mashariki, na nje ya hapo ikaokota sita tu. Hata katika Mkoa wa Kaskazini, alikozaliwa Dkt Kaunda, wimbi lilimpita. Mawaziri wengi walipoteza viti.

Kishindo hicho kina upande wa pili ambao haukutajwa sana wakati huo. Kati ya wapigakura takriban milioni 2.9 walioandikishwa, waliojitokeza hawakufika nusu. Kura za Bw Chiluba zilikuwa robo tatu ya zilizopigwa, lakini theluthi moja tu ya walioandikishwa.

Kabla ya hesabu yote kukamilika, Dkt Kaunda alijitokeza kwenye televisheni, akakubali kushindwa na kumtakia heri mrithi wake. Kabla yake, hakuna rais mwanzilishi wa taifa katika Afrika Mashariki wala ya Kusini aliyekuwa ameondolewa na kura. Makosa ya utawala wake yalikuwa mengi, na waliofungwa bila kufikishwa kortini wana haki ya kuyataja, lakini usiku huo angeweza kuita jeshi na hakuliita.

Habari hizo zilipokelewa kwa hamu nchini Kenya, ambako chama cha FORD kilikuwa kimeundwa Agosti 1991 bila kutambuliwa na serikali. Mwezi mmoja baada ya Kaunda kuanguka, wafadhili wakiwa wamesimamisha misaada, KANU ilikubali kufuta kifungu cha 2A cha katiba. Wengi walitarajia Rais Daniel arap Moi afuate njia ya jirani wa kusini. Haikuwa hivyo. FORD iligawanyika mara mbili kabla ya kura kupigwa, na Desemba 1992 Bw Moi alishinda kwa asilimia 36 pekee. Wakenya walisubiri hadi 2002 kuona muungano ambao walioshindwa ndani yake hawakutoka.

Dawa ile ile

Mwezi mmoja baada ya kuapishwa, serikali ya MMD ilipunguza ruzuku ya unga. Bei ilipanda kwa kiwango ambacho mara mbili kilikuwa kimemwaga damu chini ya Dkt Kaunda. Safari hii miji ilinyamaza.

Ukimya huo ndio uliokuwa thamani halisi ya viti 125. Waliozoea kuongoza migomo walikuwa sasa ndio serikali. Bw Zimba mwenyewe aliingia katika Baraza la Mawaziri. Wananchi nao walikubali kwamba aliyeingia jana hawezi kulaumiwa kwa deni la juzi. Wafadhili walirejea kwa furaha, na Zambia ikawa mfano uliotajwa katika kila kongamano.

Lakini mwaka wa 1992 ulileta ukame mbaya ambao ukanda huo haukuwa umeuona kwa miongo kadhaa. Mfumuko wa bei, uliokuwa ukikaribia asilimia 100 mwaka wa uchaguzi, ulipita 150. Forodha zilifunguliwa na mitumba, ambayo Wazambia huiita salaula, ikafurika. Viwanda vya nguo vikafungwa kimoja baada ya kingine. Shirika la ndege la Zambia Airways lilivunjwa mwishoni mwa 1994. Kati ya 1997 na 2000 migodi iliuzwa vipande vipande. Maelfu ya wafanyakazi waliopoteza ajira walikuwa wanachama wa vyama vile vile vilivyomlea rais.

Je, Dkt Kaunda angefanya tofauti? Ni vigumu kuamini. Hazina ilikuwa tupu bila kujali nani ameketi Ikulu, na shaba haikupata bei nzuri hadi miaka ya 2000. Madeni mengi yalikuja kufutwa mwaka wa 2005 na 2006, miaka 15 baadaye, ambapo kizazi kizima kilikuwa kimekua bila ajira ya mshahara. Hitilafu ya MMD haikuwa katika dawa peke yake. Ilikuwa katika namna ilivyoutumia wingi wake.

Bunge lenye wapinzani 25 halingeweza kuizuia serikali kwa lolote. MMD ilivuka theluthi mbili inayohitajika kubadili katiba, bila kumbembeleza mtu. Machi 1993 chama kilichokuwa kimelalamikia hali ya hatari kilitangaza hali ya hatari yake chenyewe, kikidai kuna njama ya UNIP. Mwaka huo huo baadhi ya waasisi, akiwemo Bw Wina na Bw Mbikusita-Lewanika, waliondoka na kuunda chama cha National Party. Bw Mwanawasa alijiuzulu umakamu wa rais mwaka wa 1994.

Mnamo 1996 katiba ilirekebishwa ili mgombea urais awe mtu ambaye wazazi wake wote wawili ni Wazambia. Kila mtu alijua sheria hiyo ilimlenga nani: wazazi wa Dkt Kaunda walitoka nchi ambayo leo ni Malawi. Mtu aliyeiongoza Zambia miaka 27, na kuondoka kwa amani, akaambiwa hastahili kuiwania. UNIP ilisusia uchaguzi na MMD ikanyakua viti 131.

Mwaka wa 2001 wafuasi wa Bw Chiluba walitaka aongezewe muhula wa tatu. Makanisa, mawakili na wabunge wa chama chake mwenyewe walipinga, naye akasalimu amri. Mrithi aliyemchagua, Bw Mwanawasa, alishinda kwa asilimia 29 tu, na muda mfupi baadaye akaongoza msako wa ufisadi dhidi yake. Bunge lilimwondolea Bw Chiluba kinga ya kutoshtakiwa mwaka wa 2002. Mahakama ya London ilimpata na hatia ya madai mnamo 2007. Mahakama ya Lusaka ikamwachilia katika kesi ya jinai mwaka wa 2009. Alifariki Juni 18, 2011. Dkt Kaunda, aliyemzidi umri kwa takriban miaka 19, aliishi hadi Juni 17, 2021, akiwa na umri wa miaka 97.

MMD yenyewe iling'olewa madarakani Septemba 2011 na chama cha Patriotic Front cha Bw Michael Sata, mmoja wa mawaziri wake wa zamani, aliyepata kura nyingi katika miji ile ile ya Copperbelt na Lusaka. Katika uchaguzi mdogo wa urais wa Januari 2015, mgombea wa MMD, Bw Nevers Mumba, hakufikisha asilimia moja ya kura. Mwaka uliofuata chama kilichowahi kuwa na viti 125 kilirudi Bungeni na wabunge watatu.